Kabla hujaamini namba ya skripti yako ya kuhesabu bloku

Jamani wageni wa AutoLISP, lugha ya kuandikia skripti ndani ya AutoCAD, tuelewane. Tuseme unahesabu soketi za umeme zilizochorwa kama bloku, yaani alama moja inayopachikwa mara nyingi kwenye mchoro. Namba iliyotoka kwenye skripti si idadi ya soketi. Ni idadi ya vitu vilivyopita kwenye filta, na filta zenu zina matundu.

1. Tundu kubwa ni bloku dainamiki, yaani inayoweza kubadilishwa umbo baada ya kupachikwa. Kila anayeanza huandika amri ya kuchagua vitu kwa filta, (ssget "_X" '((0 . "INSERT") (2 . "SOKETI"))), huijaribu kwenye mchoro mdogo, ikamjibu sawasawa, akatamba. Kwenye mchoro wa kazi wenye soketi 60, inajibu 23. Haikwami wala haionyi, na hapo ndipo inapouma: upungufu unaingia kwenye jedwali la vifaa kimyakimya, na fundi ndiye wa kwanza kuugundua. Ukivuta gripu (kishikio cha kubadilishia umbo) au kubadili hali ya mwonekano, AutoCAD huipa bloku hiyo ufafanuzi wa jina la siri, mfano *U14. Zile 23 ni ambazo hazijaguswa. Paleti ya Properties nayo inazidi kukupoteza, kwani bado inaandika SOKETI. Panua filta iwe (2 . "SOKETI,`*U*"), kisha soma vla-get-EffectiveName, yaani jina halisi, ya kila moja na uilinganishe kupitia strcase, ili herufi kubwa na ndogo zisikupotoshe. Ile ` msiidharau: bila hiyo nyota inamaanisha chochote, nanyi mtazoa kila bloku yenye U katika jina lake. Na (vl-load-com), inayowasha amri za vla-, ikae juu kabisa, tafadhali.

2. "_X" huzoa leyauti zote (kurasa za kuchapia), pamoja na leya zilizozimwa na zilizogandishwa. Ongeza (410 . "Model") ili ibaki modeli pekee. Hata hivyo soketi iliyochorwa kwenye ufunguo wa alama bado itahesabiwa ikiwa ufunguo umo ndani ya modeli. Hiyo moja ya ziada huwa inatafutwa asubuhi nzima!

3. Bloku ndani ya bloku ssget haizioni. Chumba chenye soketi 6, kikiwa bloku iliyopachikwa mara 12, ni soketi 72. Skripti itakuta sifuri. Pitia ufafanuzi kwa vla-get-Blocks, uzidishe. MINSERT, yaani bloku iliyopachikwa kwa safu na mistari kwa mpigo, nayo ni kitu kimoja tu: zidisha kodi 70 (idadi ya safu wima) kwa 71 (idadi ya mistari).

4. Isipopata kitu, ssget hurudisha nil, na sslength ya nil huikatisha skripti. Weka if.

Bloku zilizolaliana zitafute kwa kulinganisha kodi 10, sehemu ya kupachikia. Wenye AutoCAD 2022 au mpya zaidi, linganisheni na amri ya COUNT. Wengine, chagueni chumba kimoja mkihesabu kwa kidole.