Barua kwa Mwanangu: Uliza Habari za Mtoto wa Mwisho

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako tumeupata, na baba yako amenisomea tena kwa sauti ili nisije nikasema kuna jambo lilinipita. Unauliza kama Januari mumhamishie mjukuu wangu katika ile shule ndogo ya binafsi iliyo mtaa wa pili kutoka kwenu hapo Nkuhungu, kwa kuwa wazazi uliowauliza wamegawanyika. Jirani yako anaisifu kwamba mwanawe alijua kusoma ndani ya muhula mmoja, na mwenzako wa ofisini amemwondoa wake akisema pale wanajali matokeo kuliko watoto. Unataka nikuambie ni nani kati yao anayesema kweli.

Nadhani wote wawili wanasema kweli, kwa hiyo swali ninaloweza kulijibu ni jingine kidogo: mzazi anapoisifu au kuilaumu shule ndogo, huwa anazungumzia kitu gani hasa? Katika shule yenye mkondo mmoja kwa kila darasa, mzazi anamzungumzia mwalimu mmoja. Mwalimu huyo akiwa mzuri, shule ni nzuri. Serikali ikitangaza ajira za walimu na jina lake likatoka katika orodha ya waliopata, anaaga Ijumaa, na Jumatatu shule imekuwa nyingine ingawa jengo na sare ni vilevile. Kwa hiyo kabla ya kuyapima maneno ya jirani yako, muulize mwalimu aliyemfundisha mwanawe kusoma kama bado yupo.

Unajua kwamba wewe na kaka yako mlisoma shule ya serikali, nami sina ninalolijutia katika hilo. Ila mdogo wako alianza wakati ambao MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilikuwa imeanza na ada ya shule ya msingi ilikwisha kufutwa. Nilifurahi ada ilipofutwa na ninafurahi hadi leo, kwa sababu mtaani kwetu waliingia darasani watoto ambao wasingeingia kamwe. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, na mdogo wako, pamoja na kigugumizi chake, alikuwa amebanwa na wenzake zaidi ya mia moja, wala hakuna mwalimu aliyewahi kumsikia akisoma sentensi nzima. Mimi nikataka ahame. Baba yako, aliyelelewa na Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere na anayeiamini bado, alisema shule za binafsi ni mahali pa watu wanaowakimbia majirani zao. Tulibishana mwezi mzima, na hayo uliyasikia kwa masikio yako.

Zamani wenye uwezo waliwapeleka watoto Kenya na Uganda. Baada ya sheria ya elimu kurekebishwa mwaka 1995, shule hizi za binafsi zilianza kuchipuka mitaani, na ile ya Kihonda tuliyomhamishia mdogo wako hatimaye ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa, sebule ikiwa darasa la kwanza na gereji ikiwa darasa la tatu. Pale ndipo mdogo wako alipokutana na yule mwalimu mstaafu tuliyemwita Madam. Hakumkatisha wala hakummalizia neno hata siku moja. Alimpa kazi ya kusoma majina ya zamu ya usafi kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya shule nzima, naye akasimama nyuma yake akiwa amemwekea mkono begani. Mtoto akikwama kwenye jina, watoto wote walisubiri, kwa sababu Madam alikuwa akisubiri. Nilikwenda kushuhudia mwenyewe, nikiwa nimejibanza kwenye ua wa michongoma, na hadi leo nikimkumbuka mama yule ninamwombea.

Sasa nikuambie la pili, kwa kuwa ni la shule ileile. Mwishoni mwa darasa la sita tuliitwa wazazi kwenye kikao, Jumamosi, chini ya mwembe. Darasa lilikuwa na watoto 17. Mwenye shule alieleza kwamba asiyefikisha wastani wa 60 hataingia darasa la saba. Atakariri darasa la sita, au mzazi atafute uhamisho. Kila mtu alijua anazungumziwa nani. Unamkumbuka yule mama wa maandazi aliyetuchomea bila malipo siku za msiba wa bibi yako? Ni mwanawe. Alikuwa wa 17 kati ya 17, na wastani wake ulikuwa 54. Mama yake alinionyesha ripoti. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyekundu, «Anajitahidi sana, asikatishwe tamaa,» na juu ya maneno hayo ofisi ilikuwa imegonga muhuri wa kwamba haendelei.

Nilisimama. Nikauliza mbona ada ya mtoto huyu imepokelewa miaka sita, kidogo kidogo kila Ijumaa, bila mtu kumuuliza wastani. Mzazi mmoja mwenye malori akanijibu bila hata kugeuka: «Mama, kama ni hivyo, shule za serikali zipo.» Alinijibu hivyo mimi niliyesomesha watoto wawili huko! Ilipofika saa ya kunyoosha mikono, wengi waliafiki, na baba yako, tuliyekuwa tumeketi naye benchi moja, alinyoosha mkono pamoja nao.

Ana sababu zake, na haki inanitaka niziandike. Anasema tulikuwa tunalipa ada kwa kujinyima, na kwamba katika darasa la watoto 17 akifeli mmoja tu, ufaulu wa shule unashuka kwa karibu asilimia 6, nayo shule inayoshuka hukimbiwa na wazazi, na ikikimbiwa hakuna mshahara wa Madam. Nimeifikiria hoja hiyo miaka mingi na siwezi kusema ni ya kipuuzi. Sisi wazazi ndio tuliokuwa tukichagua shule kwa matokeo, na mwenye shule alitupa tulichokitafuta. Serikali imekemea mara nyingi mtindo wa kuwachuja watoto kwa wastani, na mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora; lakini mzazi wa leo bado anauliza kwanza «wamefaulisha wangapi?», na hilo swali ndilo linaloandika muhuri ule.

Pamoja na hayo yote, ninarudi palepale ambapo mmenisikia nikirudi tangu mkiwa wadogo: shule isipimwe kwa mtoto wake wa kwanza, maana huyo angefaulu hata chini ya mti. Ipimwe kwa inavyomtendea wa mwisho. Januari ile nilimwona mtoto yule asubuhi, amevaa shati jeupe na kaptula ya bluu, fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, akielekea shule ya serikali na kupita mbele ya geti la wenzake. Baadaye alifaulu kwenda sekondari, lakini sipendi watu walitumie hilo kunituliza, kwa sababu hata kama angefeli, jambo alilotendewa lingekuwa baya vilevile.

Kuhusu mjukuu wangu, sisemi mumpeleke wala msimpeleke. Mtoto ni wenu, ada ni yenu, na mimi darasa lake la sasa sijaliona. Jibu ninalo, na ukinikazania nitalitoa, ila kwanza fanyeni haya. Nendeni siku ya kawaida ya masomo, msiende siku ya wazazi wakati kuta zimepambwa. Muulize mwalimu mkuu, mbele ya mumeo, ni wastani gani unaotakiwa ili mtoto apande darasa, na kama upo, umeandikwa wapi. Kisha mrudie mwenzako wa ofisini, maana yeye ndiye unayemhitaji kuliko jirani yako. Muombe akuonyeshe ripoti ya mwisho ya mwanawe na akueleze aliitwaje, na nani, na kwa maneno gani. Akikuambia mtoto wake alikuwa wa mwisho, msikilize kwa muda mrefu zaidi.

Baba yako ameisoma barua hii na anasema nimemwelezea vibaya kuhusu siku ya kikao. Nimemwambia aandike yake, na anasema ataandika wiki ijayo. Msalimie sana mkwe wangu, na umbusu mjukuu wangu.

Mama yako