Baba anasema umeiacha imani

Ndugu yangu, umeandika kwamba tangu uunge mkono siasa za mageuzi baba anakuona umeasi dini, na kila mkikaa mezani mnagombana. Usimpelekee hoja za chama. Mpelekee kitu kinachotoka ndani ya imani yake. Martin Luther King, aliyepigania haki za Wamarekani weusi, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na katika barua yake ya mwaka 1963 kutoka jela ya Birmingham aliwajibu viongozi wa dini waliomtaka awe na subira. Humo yumo nabii Amosi, akitaka haki itiririke kama maji. Isomeni pamoja, polepole. Kisha muulize anaamini nini kuhusu maskini, umsikilize mpaka amalize (mimi kwa baba yangu nilichelewa sana kufanya hivyo). Kura yake mwachie.