Kuhamisha Mipangilio ya Kazi kutoka Kompyuta Moja hadi Nyingine

SWALI: Ninaandika programu kwa kompyuta mbili, moja ya ofisini yenye Linux na nyingine yangu mwenyewe yenye macOS. Kila ninapoongeza amri fupi au kurekebisha jambo upande mmoja, upande wa pili unabaki nyuma. Je, ninakili folda yangu yote ya nyumbani na kuihamishia upande wa pili?

JIBU: Tafadhali usifanye hivyo. Katika folda ya nyumbani, mipangilio uliyoiandika kwa mkono wako imechanganyika na faili za muda, historia ya amri na funguo za siri, na hayo yote hayastahili kusafiri pamoja. Unazozihitaji ni faili chache ambazo, kwa desturi ya mifumo ya jamii ya Unix, majina yake huanza na nukta na kwa hiyo hazionekani katika orodha ya kawaida: .bashrc au .zshrc (mipangilio ya bash au zsh, programu zinazopokea amri unazoandika), .gitconfig, .vimrc ikiwa unatumia kihariri cha Vim, na baadhi ya zilizomo katika folda ya .config.

Zikusanye katika folda moja inayosimamiwa na Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, kisha mahali pake pa awali uweke viungo (symlink) vinavyoelekeza kwenye folda hiyo, ili kila programu iendelee kusoma faili pale ilipozoea huku wewe ukibaki na historia ya kila badiliko. Programu ya GNU Stow huunda viungo hivyo kwa amri moja. Programu nyingine, Chezmoi, hufuata njia tofauti, kwani huandika faili kamili kutokana na violezo, jambo linalofaa zaidi pale kompyuta zinapokuwa nyingi na zinazotofautiana sana. Kwa kompyuta mbili, ningeanza na Stow.

Kazi kubwa, na ndiyo ninayokusihi uipe muda, ni kutenganisha yanayofaa kila mahali na yanayohusu kompyuta moja tu. Anwani yako ya barua pepe ya kazini, kwa mfano, haipaswi kutokea katika miradi yako binafsi. Git, tangu toleo la 2.13 la mwaka 2017, ina kipengele cha includeIf kinachosoma faili ya ziada kulingana na folda ambamo mradi umo. Kumbuka pia kwamba macOS imetumia zsh kama chaguo la msingi tangu mwaka 2019, ilhali matoleo mengi ya Linux hutumia bash, kwa hiyo amri zako fupi ziandike katika faili ya tatu inayosomwa na zote mbili, kwa mtindo ambao zote zinauelewa. Hata hivyo, amri zenyewe hutofautiana: sed -i, inayobadilisha maandishi ndani ya faili, hufanya kazi bila nyongeza katika Linux, lakini ile ya macOS hudai kiambishi cha nakala ya akiba, japo kiwe kitupu. Mambo ya namna hiyo yaweke katika faili ya kompyuta husika, ambayo .zshrc au .bashrc itaisoma ikiwa ipo, na ambayo haitaingizwa katika Git.

Nywila, tokeni (misimbo ya kuingilia huduma) na funguo za siri za SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine, zisiingie kamwe katika folda hiyo ya Git, hata kama hifadhi yako si ya wazi. Kuifuta faili baadaye hakuiondoi katika historia ya Git. Ikiwa tayari imetumwa, batilisha ufunguo huo kwanza, kisha ushughulikie historia. Tengeneza ufunguo wa SSH kwa kila kompyuta, ili moja ikipotea ubatilishe wake pekee.

SWALI: Visual Studio Code ina huduma yake ya kusawazisha mipangilio. Je, haitoshi?

JIBU: Inatosha kwa kihariri hicho. Hupeleka mipangilio, njia za mkato za kibodi na viendelezi kupitia akaunti ya Microsoft au GitHub, lakini haigusi .gitconfig wala .zshrc. Ukiichagua, usiiweke faili ileile ya settings.json katika Git pia, kwa sababu pande mbili zitakuwa zikiiandika na hutajua ipi ni sahihi. Kanuni zinazowahusu wenzako wote, kama upana wa nafasi mwanzoni mwa mstari, mahali pake ni faili ya .editorconfig ndani ya mradi wenyewe.