Nyumba Iko Kanda X: Je, Bima ya Mafuriko Inahitajika?

SWALI: Ndugu Mhandisi, mimi na mume wangu tumenunua nyumba katika kaunti ya mashambani hapa Marekani, bondeni, milima ikiwa pande zote mbili. Nyuma ya nyumba hupita kijito kidogo. Benki ilituarifu kwamba ramani ya mafuriko inaiweka nyumba yetu katika Kanda X, kwa hiyo hatulazimiki kukata bima ya mafuriko. Aliyetuuzia anasema ameishi hapo miaka 40 bila kuona maji yakiingia ndani, na wakala wa nyumba alitushauri tusipoteze fedha, kwa kuwa likitokea janga serikali husaidia. Je, tuwasikilize?

JIBU: Dada yangu, hapana. Kateni bima, na mwikate kabla ya msimu wa mvua kuanza. Barua kama yako hunifikia mara kwa mara, na nyingi huja maji yakiwa yameshaingia sebuleni, wakati ambao mhandisi hana tena la kumfaa mwenye nyumba. Kwa hiyo nitaacha maelezo ya mwanzo, ambayo benki imeshawapa, niende moja kwa moja kwenye dhana inayowaponza watu wengi kuliko mvua yenyewe: kwamba benki isipoidai bima, basi hatari haipo.

Sheria ya mwaka 1973 iliwataka wakopeshaji wanaosimamiwa na serikali ya shirikisho kudai bima ya mafuriko kwa jengo lolote la rehani lililo katika eneo la hatari kubwa, yaani kanda zinazoanza na herufi A au V kwenye ramani za FEMA (shirika la serikali ya shirikisho linaloshughulikia majanga), mradi jamii husika imejiunga na mpango wa taifa wa bima hiyo ulioanzishwa mwaka 1968. Mstari unaotenganisha kanda hizo na Kanda X umechorwa ili mkopeshaji ajue wajibu wake unakoishia. Maji hayasimami hapo. FEMA yenyewe imeeleza kwamba kati ya mwaka 2014 na 2018 zaidi ya asilimia 40 ya madai yote ya bima ya mafuriko chini ya mpango huo yalitoka nje ya maeneo ya hatari kubwa, ambako watu kama ninyi huambiwa kwamba hawahitaji bima.

Mstari huo umechorwa kwa kufuata mafuriko ambayo uwezekano wake wa kutokea ni asilimia 1 katika kila mwaka. Wengi huyaita mafuriko ya miaka mia, na jina hilo limewapotosha wenye nyumba wasiohesabika, kwani wanadhani yakishatokea mara moja basi vizazi viwili vitapumzika. Kila mwaka huanza upya na asilimia yake ile ile. Kwa mkopo wa miaka 30, nyumba iliyo juu ya mstari wenyewe ina uwezekano wa asilimia 26 wa kufikiwa na mafuriko hayo walau mara moja kabla deni halijaisha. Ukisogea hatua chache upande wa pili wa mstari, hatari hupungua kidogo kidogo kadiri ardhi inavyopanda. Haikatiki ghafla kwa sababu rangi ya ramani imebadilika.

Hesabu hiyo hiyo inamjibu aliyewauzia, na sina sababu ya kumshuku kwamba anasema uongo. Chukua nyumba iliyo katika eneo la hatari kubwa, yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Uwezekano wa nyumba hiyo kupita miaka 40 bila mafuriko ya kiwango hicho ni kama asilimia 67. Maana yake ni kwamba miaka 40 mikavu ndiyo inayotarajiwa hata mahali pa hatari, na ushuhuda wa mkaaji mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, haupimi chochote. Isitoshe, kijito alichokizoea huenda si kile mtakachoishi nacho ninyi, kwa sababu msitu ukikatwa juu ya mlima, barabara ikipanuliwa, au kalvati ikizibwa na magogo, maji yale yale ya mvua hufika chini haraka zaidi na hutafuta njia mpya.

Mashambani jambo hili ni zito zaidi. Upimaji wa kina hugharimu fedha nyingi, na fedha hizo huelekezwa kwanza kwenye mito mikubwa na miji yenye majengo mengi. Vijito vya milimani, vyenye eneo dogo la kukusanya maji, mara nyingi havikupimwa kabisa, na ramani huonyesha Kanda X kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kupima. Mafuriko yanayotokana na maji ya mvua kubwa kujaa mahali pa tambarare kabla hayajafika mtoni mara nyingi hayamo kwenye ramani hizo. Nazo zimetegemea kumbukumbu za mvua za zamani, hazitabiri mvua zijazo. Mwishoni mwa Julai 2022, vijito vya mashariki mwa Kentucky vilifurika usiku na kusomba nyumba mabondeni. Septemba 2024, mabaki ya kimbunga Helene yaliupandisha mto French Broad huko Asheville, North Carolina, kupita rekodi iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1916. Huko ni mbali na bahari, milimani, na kaya zilizokuwa na bima ya mafuriko zilikuwa chache mno.

Kuhusu msaada wa serikali, ninasikitika kwamba watu wanaolipwa kamisheni kwa kuuza nyumba wanaruhusiwa kuzungumza hivi. Msaada wa FEMA kwa kaya hutegemea kwanza rais atangaze janga na kuidhinisha aina hiyo ya msaada kwa kaunti yenu. Kijito kikiingia katika nyumba tano tu, tangazo hilo huenda lisije kamwe. Likija, ukomo wa msaada wa makazi kwa mwaka wa fedha wa 2024 ulikuwa dola 42,500, na kaya nyingi hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Sehemu kubwa ya kinachobaki huja kama mkopo wa serikali, na mkopo hulipwa, tena juu ya ule wa nyumba ambayo haikaliki. Bima ya mpango wa taifa hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na hadi dola 100,000 kwa vilivyomo, bila kungoja tangazo la mtu yeyote.

Someni mkataba wenyewe, kwa sababu bima hiyo ina mipaka. Bima ya vilivyomo hukatwa kando na bima ya jengo. Chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi hulindwa kwa sehemu ndogo. Gharama za kuishi hotelini wakati wa matengenezo hazimo. Kwa ninyi mnaoishi chini ya mlima kuna jambo la ziada: tope linalotiririka na maji hulipiwa, lakini mlima ukiporomoka haulipiwi, hata kama uliporomoka kwa sababu ya mvua. Bima ya kawaida ya nyumba mliyo nayo hailipi mafuriko. Kwa kawaida bima mpya ya mpango wa taifa huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo kuikata dhoruba ikiwa imeshatangazwa hakusaidii. Piga simu ofisi ya kaunti, umuulize msimamizi wa mabonde ya mafuriko kama kaunti imejiunga na mpango. Ikiwa haijajiunga, itabidi mtafute kampuni binafsi.

Kwa majirani zenu walio ndani ya Kanda A nina onyo jingine. Kumezuka watu wanaotoza fedha kwa ahadi ya kuiondoa nyumba kwenye ramani. Njia halali ipo: mpima ardhi mwenye leseni hupima sehemu ya chini kabisa ya ardhi inayogusa jengo, na ikionekana kwamba ardhi hiyo ya asili haiko chini ya usawa wa mafuriko ya asilimia 1, FEMA hutoa barua ya marekebisho ya ramani bila kutoza ada ya kupitia ombi. Kinacholipiwa ni kazi ya mpima. Anayeahidi barua kabla ya kipimo anauza asichokuwa nacho. Na hata barua halali huondoa sharti la mkopeshaji tu, ilhali nyumba inabaki pale pale, juu ya kijito kile kile. Tangu Oktoba 2021 mpango wa taifa hupanga bei kwa kuangalia umbali wa jengo na maji, mwinuko wake na gharama ya kulijenga upya, badala ya kutegemea herufi ya kanda pekee. Basi mwenye barua mkononi aombe bei mpya kabla hajafuta bima yake, na ninyi mlio Kanda X ombeni ya kwenu wiki hii.