Muulize Dada wa Famasi: Likizo ya bichi na vidonge vya malaria

Mwezi huu barua karibu zote ni za malaria, na naelewa, Desemba inakuja, watu wanakata tiketi za kushuka pwani na vuli ndo imenyesha madimbwi yamejaa. Nimechagua nne, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

SWALI: Habari dada, pole na kazi. Sisi tunaishi Leicester, Uingereza, mimi, mume na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 mdogo ana 3. Desemba tunakuja nyumbani wiki 2, mpango ni siku 4 hotelini Ushongo kule Pangani, siku 6 kwa mama mkwe kijijini Muheza, alafu tunamalizia Zanzibar siku 4. Mi nataka sote tumeze dawa za kuzuia malaria, mume wangu anacheka, anasema yeye kazaliwa Muheza, kaumwa malaria utotoni mpaka mwili ukazoea, na eti watoto wana damu yake. Anasema pia dawa zenyewe ghali na zinaleta ndoto mbaya. Wifi yangu naye anasema hotelini hakuna mbu kabisa. Nani yuko sahihi? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, nianze na shemeji, maana hoja yake naisikia kaunta kila mwaka na wanaoitoa ni watu wazima wenye akili zao. Ni kweli mtu aliyekulia sehemu yenye malaria nyingi mwili wake unajifunza kupambana, ndo maana kijijini unaweza kumpima mtu mzima ukamkuta ana vimelea kwenye damu na wala haumwi, kaenda zake shamba. Lakini kinga hiyo sio kama ya surua, ukiugua mara moja umemaliza. Hii inashikiliwa na kuumwa na mbu tena na tena, ukihama ukakaa miaka sehemu ambayo mbu wa malaria hayupo inapungua taratibu bila wewe kujua, na siku ukirudi mbu hakuulizi umezaliwa wapi. Huko huko Uingereza wagonjwa wengi wa malaria wanaopatikana kila mwaka ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia ndugu, sio wale waliokuja kupanda meli na kupiga picha za twiga. Wengi wao hawakumeza kitu, kwa sababu hiyo hiyo ya shemeji.

Na hiyo ya watoto kuwa na damu yake, hapana. Kinachorithiwa ni vitu kama chembe ya sikoseli, mwenye nusu yake anapunguziwa uwezekano wa malaria kali lakini bado anaambukizwa. Mtoto mwenye sikoseli kamili ndo yuko kwenye hatari kubwa kuliko wote. Watoto wako wamekulia Leicester, kwa malaria wahesabu kama watoto wa wazungu tu, na huyo wa miaka 3 ndo wa kumwangalia zaidi.

Wifi yuko sahihi nusu. Hoteli nzuri za ufukweni zina neti, zina feni au kiyoyozi, upepo wa bahari nao unasaidia, hatari kweli inashuka. Kwa hiyo ukiniuliza hatari ya safari yenu iko wapi ntakuambia iko kwa mama mkwe, mnisamehe. Watu wakipanga likizo wanawaza hoteli, spreyi wananunua ya hotelini, wakifika kwa bibi wanajiachia kwa sababu ni nyumbani. Muheza ni sehemu ambayo watafiti wa malaria wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wamekaa miaka mingi kwa sababu ugonjwa ulikuwa umejaa, sa hivi umepungua sana kuliko zamani lakini haujaisha, na nyie mnaenda siku 6 mkitoka kwenye mvua za vuli.

Fikiria jioni yenyewe inavyokuwa. Magharibi imeingia, wageni wamejaa barazani, hadithi hazikatiki, mdogo kachoka kalala kwenye mkeka miguu wazi, saa tatu usiku ndo anabebwa kupelekwa chini ya neti na kila mtu anajua mtoto kalala kwenye neti. Keshaumwa huyo. Mbu wa malaria anaanza kazi giza likiingia mpaka alfajiri na anapenda sana miguu, vifundoni hapo. Tena hapigi kelele sana, yule anayekunyima usingizi kwa kuimba sikioni mara nyingi ni mbu wa kwenye mitaro na vyoo, kwa hiyo mtu akikuambia "sijasikia mbu" hajakuambia kitu.

Sasa dawa. Mi kwenye safari yenu ningemeza, wote wanne, na shemeji pia. Za kuchagua kwenu kimsingi ni mbili. Ya kwanza ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, wengi wanaijua kama Malarone ila zipo za jina lingine za bei nafuu kazi ile ile. Unaanza siku 1 au 2 kabla, kila siku ukiwa huko, na siku 7 baada ya kutoka. Kwa wiki 2 zenu ni vidonge kama 23 kwa mtu mzima. Inamezwa na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, bila hivyo haiingii mwilini vizuri na tumbo linasumbua. Ya pili ni doksisaiklini, hii ni rahisi sana kwa bei lakini unaendelea wiki 4 baada ya safari, yaani vidonge 44, na hapo ndo watu wengi wanaanguka, wamerudi kazini, baridi, nani anakumbuka kidonge cha Muheza. Alafu inafanya ngozi iungue na jua haraka, na nyie mnaenda bichi. Wanawake wengine inawaletea fangasi. Ukiimeza meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa na usilale hapo hapo, ikikwama inachoma koo la chakula vibaya sana.

Kwa watoto hakuna mjadala, doksisaiklini huko Uingereza haipewi chini ya miaka 12, kwa hiyo ni ile ya kwanza, kuna vidonge vidogo vya watoto na dozi inapimwa kwa kilo sio kwa umri, wapimeni wiki ya safari sio kukisia. Mdogo akigoma kisage uchanganye na maziwa au jemu, akitapika ndani ya saa moja mrudishie.

Ndoto mbaya za shemeji zinatokana zaidi na dawa nyingine, meflokwini, wa zamani wanaiita Lariam. Ni kweli ina matatizo ya usingizi na wasiwasi, mtu aliyewahi kuwa na sonona au kifafa hapewi kabisa, lakini hakuna anayewalazimisha hiyo. Na bei, sawa, huko mara nyingi mnalipa wenyewe na kwa watu wanne inauma, ila ilinganisheni na zile tiketi nne za Desemba sio na panado. Nunueni huko huko kabla ya kuja, zungumza na mfamasia au kliniki ya wasafiri wiki kadhaa kabla, umwambie na dawa nyingine mnazotumia na kama kuna mtu figo zake zina shida.

Dawa haiwaondolei neti. Hotelini utaikuta imefungwa fundo zuri juu ya kitanda kama pambo, ishushwe kabla ya magharibi, ukiishusha saa nne usiku unawafungia mbu ndani pamoja na wewe. Iingize chini ya godoro pande zote. Na mtoto asilale ameegemeza mkono kwenye neti, mbu anakaa nje anakunywa kwa raha zake, labda neti iwe na dawa na hata hapo usimwachie. Kwa bibi pelekeni neti mpya zenye dawa kama zawadi, moja muwekeeni na yeye. Mafuta ya kufukuza mbu chukua yenye DEET kati ya asilimia 20 na 50, au yenye pikaridini, losheni ya jua inatangulia, ikishakauka ndo mafuta ya mbu juu. Angalizo tu, DEET inayeyusha plastiki, nimeona miwani ya mteja fremu imebaki kama imelambwa, na rangi ya kucha nayo inaondoka.

Mkisharudi, homa yoyote kuanzia wiki moja tangu mfike huku hadi miezi 3 baadae, hospitali siku hiyo hiyo na mseme "tumetoka Tanzania" kabla hamjaulizwa, hata kama mlimeza dawa zote. Malaria yetu huku kwa sehemu kubwa ni falsiparumu, aina ile hatari zaidi, kwa mtu asiye na kinga inaweza kugeuka kali ndani ya siku moja.

SWALI: Mambo dada? Sisi washkaji watano wa Arusha tunaenda Zanzibar wikiendi ndefu, tunalala Nungwi. Mmoja kasema tumeze dozi ya mseto kabla ya kupanda ndege ili tuwe salama, mwingine anakula vitunguu swaumu na vitamini B. Tufuate ya nani? – Wa Sakina

JIBU: Msifuate ya mtu hapo. Mseto ni dawa ya kutibu mtu aliyepimwa akakutwa nayo. Sehemu yake yenye nguvu inaisha mwilini ndani ya masaa, ile nyingine inadumu siku chache, sasa ukimeza Jumatano ukaumwa na mbu Jumapili umejilinda na nini? Tena dalili za vimelea kuanza kuzizoea dawa hizi zimeshaonekana Rwanda, Uganda na kwetu Kagera, kwa hiyo nawaomba kabisa tusizichezee, ndo hizo hizo tunazotegemea mtoto akizidiwa. Vitunguu swaumu kuleni kwenye mishkaki, mbu havimhusu, vitamini B pia, na ile app ya simu ya kutoa mlio wa kufukuza mbu futeni.

Zanzibar wamefanya kazi kubwa, miaka mingi maambukizi yako chini ya asilimia 1, ila mwisho wa 2023 wagonjwa walipanda ghafla, kwa hiyo sio sifuri. Na nyie wa Arusha msijione Watanzania wenye kinga, huko kwenu malaria ni kidogo sana, mwili haujazoea chochote. Kwa kijana mzima asiye na ugonjwa mwingine, usiku mchache hotelini, mi sitamlazimisha vidonge, japo miongozo ya Marekani inaihesabu Zanzibar na Tanzania nzima iliyo chini ya mita 1,800 na inashauri wasafiri wameze. Mkitaka kumeza mezeni ile ya kwanza niliyomwambia Mama Wawili, ya siku 7 baada ya safari, sio mseto. Msipomeza basi suruali ndefu na mafuta ya mbu kuanzia magharibi, maana najua hamtakuwa chini ya neti saa mbili usiku, mtakuwa mchangani na muziki. Kama katikati yenu kuna mwenye sikoseli au aliyetolewa bandama, huyo aende kwa daktari kwanza kabla ya kulipia chochote.

SWALI: Shikamoo dada. Nina mimba ya miezi 5, naishi Moshi, kuna harusi ya mdogo wangu Tanga mjini na tumepanga kukaa wiki nzima ufukweni. Nimeze nini? – Mama Kijacho

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera. Doksisaiklini usiguse, na ile ya kwanza niliyomwambia Mama Wawili kwa mjamzito sio chaguo la kawaida. Kama kliniki wanakupa SP, vile vidonge vya kukinga malaria kwa wajawazito, kwenye mahudhurio, hakikisha hujaruka dozi na waambie unasafiri, wao ndo waamue kama unahitaji kitu cha ziada. Neti ya kliniki ibebe, usiiache Moshi eti utakuta nyingine. Mjamzito anamvutia mbu zaidi na malaria ikimpata inamshika yeye na kondo la nyuma pamoja. Kwa hiyo harusi nenda, ila hiyo wiki ya ufukweni, kwa maoni yangu, ifupisheni iwe siku 2 au isubiri mtoto atoke.

SWALI: Dada, niko Nairobi na sijatoka miezi mingi isipokuwa Ijumaa nilishuka Diani, nikarudi Jumanne. Jumatano nimeamka na homa kali, macho yanauma kwa nyuma na viungo vyote. Wamepima malaria hakuna. Jamaa yangu anasema kipimo ni kibovu nimeze tu dawa. – Mgonjwa wa South B

JIBU: Kipimo chako kina haki hapo. Kimelea kikiingia na mbu kinakwenda kwanza kujificha kwenye ini, homa haiji kabla ya kama siku 7, sasa wewe hata wiki haijafika tangu ushuke. Hayo macho kuuma kwa nyuma na viungo yananifanya niwaze dengi, Mombasa na pwani imeshawahi kulipuka mara kadhaa, na mbu wake anauma mchana, wakati uko bichi hujajipaka chochote. Rudi hospitali waombe wapime hiyo. Kwa sasa panado na maji mengi, usimeze aspirini, brufeni wala diklofenaki maana kama ni dengi zinaongeza kutoka damu. Ukiona tumbo linauma sana, unatapika mfululizo au fizi zinatoa damu, hata kama homa imeshuka, nenda dharura usiku huo huo. Na suala la malaria usilifunge moja kwa moja, homa ikija upya wiki ijayo au hata Februari pima tena na umwambie daktari ulikuwa Diani, daktari wa Nairobi bila kuambiwa anaweza akaanza na mafua.