Chati kupotea ukiskroli kwenye Excel

Dada pole, hiyo ya chati kupanda juu na kupotea ukifika rowu ya 300 kwenye mauzo yako inasumbua kweli, ila inatibika. Ile setingi ya Don't move or size with cells uliyojaribu haihusiani na kuskroli, inazuia tu chati isihame wala kuvutika ukipanua safu. Fanya hivi, ingiza rowu tupu kama 12 juu kabisa, buruta chati uiweke hapo, vichwa vya safu vikae rowu ya 13, halafu bofya seli A14 uende View, Freeze Panes, yaani kugandisha rowu zote za juu ya hiyo seli zisisogee ukiskroli. Kabla ya kubofya rudi juu mpaka uione rowu ya 1, maana ukigandisha ukiwa umeshashuka zile za juu zinafichika na utadhani chati imefutika. Chati iwe fupi lakini, ikiwa ndefu itakula skrini yote ubaki na rowu tatu za kuandikia.

Kama laptopu yako ina kioo kipana mimi ningekushauri View, New Window (inafungua dirisha la pili la faili hilohilo), kisha Arrange All, chagua Vertical ili yakae ubavu kwa ubavu, dirisha moja liache kwenye chati lingine ingizia mauzo, ukibonyeza enta tu unaona mstari wa chati unapanda hapohapo.