Kinanda jukwaani: kifaa kinakusaidia, au kinakuongoza?

Wapiga kinanda wachanga huniuliza sana kama ni udanganyifu kutumia vifaa vya kusaidia mbele ya watu. Wanamaanisha kitufe cha transpozi (kinachopandisha au kushusha wimbo mzima huku vidole vikibaki palepale), midundo inayojipiga yenyewe, kompyuta iliyojaa sauti na muziki uliorekodiwa kabla ya onyesho. Wanavitia vyote kapu moja, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mimi hupima kila kifaa kwa swali hili: mwimbaji akiamua ghafla kurudia kiitikio, kifaa hicho kitarudi naye?

Tuanze na transpozi, maana ndiyo inayotukanwa kuliko vyote. Irving Berlin, mtunzi mkubwa wa Marekani, alizoea kupiga kwenye ufunguo wa F♯ (ufunguo ni noti ambayo wimbo unajengwa juu yake), ambako vidole hutembea zaidi kwenye vibonye vyeusi. Akawa na piano yenye wenzo uliohamisha ufunguo huku mikono yake ikibaki palepale. Haya yalikuwa miaka mingi kabla ya vinanda vya umeme tunavyovijua, na hakuna anayesema nyimbo zake ni za bandia. Kwa hiyo mwimbaji akija na sauti iliyokauka na kuomba mshuke nusu toni mbili dakika tano kabla ya kuanza, bonyeza kitufe bila aibu.

Ila kitufe hicho kina gharama yake, na gharama hiyo wanailipa wenzako. Mpiga gitaa akikuuliza mko ufunguo gani, utamtajia kile mikono yako inachokiona, C, kumbe spika zinatoa B♭. Jizoeshe kutaja ufunguo unaosikika, na urudishe transpozi kwenye sifuri kila wimbo unapoisha, kabla hata makofi hayajatulia. Halafu jifunze F, B♭ na E♭ kwa mikono yako mwenyewe. Wapuliza tarumbeta na saksafoni wanazipenda, na ipo siku utakuta ukumbi wenye piano ya kawaida tu, isiyo na kitufe chochote.

Sauti zilizohifadhiwa hazinipi shida hata kidogo. Minimoog, sintesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme), ilipotoka mwaka 1970 haikuwa na kumbukumbu. Mpigaji alizungusha vifundo kwa mkono kati ya wimbo na wimbo, mara nyingi akifuata alama alizojiandikia kwenye karatasi. Mwaka 1978 ikaja sintesaiza nyingine, Prophet-5, iliyoweza kuhifadhi sauti 40 na kuziita kwa kubonyeza tu. Kumbukumbu ile iliwarudishia wapigaji muda wa kuutazama wimbo na wenzao. Zipange sauti zako kwa mfuatano wa onyesho, na ukubwa wake upime kwenye spika za ukumbini. Ukipima kwa vipokea sauti vya masikioni, fidla zitakuja kuimeza piano yote.

Kwa wanaotumia kompyuta, angalia ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza na kusikia. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hujaza kabla ya kuitoa) ya sampuli 512, yaani vipande vidogo vya sauti, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde peke yake inakula karibu milisekunde 12. Shusha hadi 128 zibaki kama 3, mradi mashine yako isianze kukwaruza.

Sasa midundo. Nimewahi kumpigia mwimbaji mwenye kipaji cha kulivuta neno la mwisho la ubeti mpaka ukumbi mzima unyamaze ukimsubiri. Nikiwa nyuma yake nilikuwa nashikilia pedali, mkono wa kushoto umetulia kwenye besi, macho kwenye mabega yake, kwa sababu mabega ndiyo yaliyoniambia anakaribia kushuka. Siku moja kiongozi wa bendi aliamua tutumie muziki uliorekodiwa. Mwimbaji akalivuta neno lake kama kawaida, na ngoma zikaingia kwenye kiitikio zikamwacha. Akalikata neno katikati ili azikimbilie. Watu walipiga makofi, lakini ule ukimya haukutokea tena usiku huo, na mimi niliumia sana. Kifaa kile kilimlazimisha binadamu akifuate, na hapo ndipo onyesho linapoporomoka thamani.

Lakini usitupe kinanda chenye midundo kwa sababu hiyo. Vingi vina kitufe kinachosimamisha mdundo mara tu unapoinua mkono wa kushoto, na kuuanzisha tena ukiuweka. Wengi wanavimiliki kwa miaka bila kukigusa kitufe hicho. Kiwashe. Mwimbaji akivuta neno, inua mkono, msubiri, kisha uingie naye. Kama ni lazima utumie muziki uliorekodiwa, ukate vipande (ubeti, kiitikio, daraja), kila kipande kijirudie mpaka wewe uruhusu kinachofuata kwa swichi ya mguu. Na uondoe besi kwenye rekodi, uipige mwenyewe. Besi ikiwa mkononi mwako, bendi nzima inakusikiliza.

Kuna jambo moja nisilolikubali kabisa: kurekodi ile sehemu ambayo wasikilizaji wanadhani unaipiga, kisha kuchezesha vidole juu ya kinanda kilichozimwa sauti. Watu wametoka majumbani kwao waje wakusikie wewe. Kama kifungu ni kigumu, kipunguze noti, kipige polepole, au mpe mpiga gitaa.

Kwenye mazoezi yenu yajayo, chagueni wimbo mnaoutegemea zaidi. Zima mdundo, zima transpozi, chagua sauti ya piano tupu, mwombe mwimbaji aimbe kwa mwendo anaoutaka yeye. Utasikia wazi ni wapi mkono wako wa kushoto ulikuwa umezoea kubebwa. Fanyieni kazi hapo kwanza, ndipo muanze kurudisha vifaa, kimoja kimoja.